Shingo ya Rahab Chepchirchir

Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025. Ukungu ulishuka kutoka Menengai ukakaa juu ya mji wa Nakuru mpaka saa nne, kisha ukageuka manyunyu ya baridi yaliyoendelea hadi mchana. Siku hiyo Nicodemus Sitati, mchoraji, alifunga karakana yake mapema akaenda Naivasha kuchukua picha ya marehemu mama yake.

Alikuwa na siku mbili tu. Jumamosi kungekuwa na ibada ya kumbukumbu kule Bahati, miaka kumi na mitano tangu mama azikwe, na alikuwa ameahidi kuja mtu ambaye hakuwahi kukanyaga kwao tangu mama aolewe. Huyo ni Cheruto, mdogo wake marehemu, wa Mogotio. Alimpigia Sitati simu mwezi wa sita.

"Nimezeeka," alimwambia. "Nimesahau uso wa dada yangu. Nikifunga macho namtafuta, simpati. Nasikia wewe uko nao."

Ni kweli alikuwa nao. Picha zote za kamera ziliungua na nyumba ya mama Januari ya 2008. Uliobaki ni uso mmoja, ule ambao Sitati mwenyewe aliuchora mwaka 1998 kwenye kipande cha plaiwudi, na kipande hicho kilikuwa Naivasha kwa rafiki yake Kiprugut.

Mimi nina kibanda cha kupiga chapa na kutoa nakala, mlango wa pili kutoka karakana yake, mwaka wa kumi na tisa sasa. Alikuwa ameniomba nimwandikie historia ya mama isomwe Jumamosi. Ndiyo sababu nilikuwa na daftari, na ndiyo sababu nina tarehe. Niliyoandika hayakusomwa.

Sitati alizaliwa mwaka 1972 katika nyumba za reli. Baba yake, mzee Wepukhulu, alikuwa Mbukusu wa Kimilili, fundi wa breki za mabehewa. Mama yake, Rahab Chepchirchir, alikuwa Mtugen aliyekuja mjini kufanya kazi kiwanda cha pareto. Walikutana katika kwaya. Baba hakujua Kitugen na mama hakujua Kibukusu, kwa hiyo nyumba yao ilikuwa ya Kiswahili tupu, mpaka maombi, mpaka ugomvi. Kwao Rahab walisema binti wao ameenda kwa watu wasiojulikana, wakakata mguu. Watoto wa Kimilili walimwita Sitati Mkale, yaani Mkalenjin kama mama yake. Siku chache alizowahi kupita Mogotio na mama yake, watoto wa huko walimwita Mluhya, kama baba yake. Aliniambia kwamba alidhani kila mtoto ana jina analoitwa na watu wa upande wa pili.

Agosti ya 1986 alipelekwa Kimilili kutahiriwa. Desturi ya Wabukusu inataka mjomba wa kijana, ndugu ya mama, amchinjie ng'ombe na kumvika kipande cha nyama shingoni. Wajomba wa Mogotio hawakutuma hata neno. Ikabidi asimamishwe mjomba wa kuazima, jirani tu, mtu mwema, aliyemvika nyama huku akiangalia kando kwa aibu. Mama alisimama uani upande wa wajomba peke yake. Sitati hukumbuka zaidi alivyosimama kuliko kisu.

Alipomaliza kidato cha nne alipelekwa kwa mzee Kibii, mwandishi wa vibao karibu na soko. Hapo alimkuta mwanafunzi mwingine, Kiprugut, kijana wa kutoka Rongai, mcheshi, mwepesi wa mkono. Mzee Kibii aliwafundisha herufi mwaka mzima kabla ya kuwaruhusu kuchora mtu. Alipowaruhusu, aliwapa sharti moja: shingo kwanza.

"Ukianza na uso utanitengenezea picha ya kitambulisho," aliwaambia. "Anza na shingo, nione huyu mtu anabebaje kichwa chake. Uso utakuja wenyewe."

Sitati alilishika neno hilo maisha yake yote. Kiprugut alilishika mpaka mzee alipogeuza mgongo. Yeye alikuwa na ujanja wake: akimaliza kitu chochote cha mviringo, iwe jicho, tufaha au taa ya gari, huweka nukta nyeupe, kisha huivuta kidogo kushoto kwa ncha ya mpini wa brashi, ikabaki na mkia mdogo kama wa kiluwiluwi. Mzee Kibii alisema ni uchafu. Wateja waliipenda.

Mwaka 1995 mzee aliwafungulia karakana yao wenyewe na kuwaandikia kibao kwa mkono wake, herufi za samawati zenye kivuli chekundu: SITATI NA KIPRUGUT, WACHORAJI. Hakuandika kibao kingine baada ya hapo, mikono ilishaanza kutetemeka. Alifariki mwaka 2003.

Walianza na vichwa vya vinyozi na ng'ombe wa mabucha. Kisha kuta za shule, kisha makanisa. Kanisa moja la Dundori liliwapa ukuta mzima wachore ubatizo mtoni. Sitati alimkalisha Jerry, mwenye bucha jirani, awe Yohana Mbatizaji, na akamchora alivyo, na tumbo lake. Jerry alipoenda kuona alikaa benchi la nyuma. Mzee wa kanisa akamwambia, "Wewe njoo mbele bwana, si uko ukutani." Mpaka leo Jerry anaitwa Yohana.

Watu walimwendea Sitati kwa sababu hachori kutoka kwenye picha ya simu. Lazima ukae. Atakuangalia nusu saa bila kugusa brashi, atakuuliza ulivyolala, atakwambia uvue skafu. Amechora wachuuzi wa viazi, madereva wa trekta, mabibi wa kanisa, mwalimu mkuu mmoja aliyekataa picha yake kwa sababu ilimwonyesha amechoka. Mwaka 2004 kazi zake kumi na mbili zilionyeshwa Nairobi. Binti aliyekuwa akiandaa kijitabu cha maonyesho alimuuliza yeye ni kabila gani.

"Andika Nakuru."

"Nakuru si kabila, boss. Nauliza upande."

"Basi andika pande zote mbili."

Kijitabu kilitoka kimeandikwa Mluhya, kwa sababu ya jina. Alikileta nyumbani akamsomea mama yake. Rahab alicheka akasema, "Mimi nilikuwa nimekwenda wapi?" Tangu siku hiyo Sitati huandika jina lake nyuma ya picha, hata zile za zamani alizokuwa nazo, kwa penseli: Sitati wa Rahab.

Hoteli za ziwani zilitaka morani na twiga. Yeye alikataa, si kwa hasira, alisema tu kwamba hajawahi kukaa na morani akamwangalia shingo. Kiprugut alizichora, nyingi, upesi. Wakakubaliana hivyo: mmoja morani, mwingine watu. Sikuwahi kuwasikia wakigombana.

Na Kiprugut alikuwa mtoto wa nyumba ya Rahab. Alikula hapo miaka. Rahab alipenda kumsikia akiongea Kikalenjin, hata kama si Kitugen hasa, kwa sababu hakuna mwingine aliyemwongelesha kwa maneno ya kwao. Alimwekea maziwa ya kibuyu pembeni. Alipofariki mwaka 2010 na Mogotio wasije, ni Kiprugut aliyebeba jeneza upande wa wajomba. Hakuazimwa. Alienda mwenyewe akashika.

Sasa nieleze ile picha.

Chepchirchir ni jina la mtoto aliyezaliwa kwa haraka, na Rahab alikuwa hivyo mpaka mwisho, mtu wa haraka. Kumkalisha kulichukua Jumapili kumi na moja baada ya ibada. Tatu za kwanza zilikwisha Sitati akiwa bado shingoni.

"Umemaliza?"

"Bado, mama."

"Kwani huyo mtu ana shingo ngapi?"

Alivaa sweta yake ya kijani ya kazini na kitambaa cheupe kichwani. Chini ya taya, kushoto, alikuwa na alama ya kuungua, ukubwa wa jani dogo, ngozi imejikunja kama kitambaa kilichokunjwa kikiwa na maji. Cheruto ndiye aliyemfanyia. Alikuwa na miaka minne, akavuta sufuria ya uji jikoni, Rahab akaruka kumkinga. Baadaye mambo ya ndoa yalipowatenga, Cheruto alikua akiambiwa kwamba dada yake aliondoka kwa sababu ya alama hiyo, kwamba aliona aibu kuolewa nyumbani. Haikuwa kweli, lakini ndivyo alivyoambiwa na ndivyo alivyoamini.

Sitati alipofika hapo, mama aliweka mkono juu yake. "Hii iache."

"Nikiiacha si wewe."

Rahab akaondoa mkono. "Basi ipake vizuri. Siku moja Cheruto akiiona, ajue haikunidhuru."

Niliyaandika maneno hayo kama Sitati alivyonipa, mwezi uliopita, na ndiyo niliyotaka yasomwe.

Wakati huo picha hiyo haikupigwa vanishi. Rangi zenyewe zilikuwa za vibao, za mabati na milango, ndizo walizokuwa nazo. Mama alisema vanishi itamfanya ang'ae kama mtu aliyejipaka mafuta ya kukaangia. Ikakaa hivyo ukutani kwenye karakana, ndiyo maana moto haukuipata.

Mwaka 2019 Kiprugut alihamia Naivasha, mtaa wa Kihoto, awe karibu na hoteli. Jina lake lilibaki kwenye kibao na kiti chake kilibaki. Miezi michache baadaye alikuja akasimama mbele ya picha.

"Nipe mathe nikamwonyeshe watu. Kuna maonyesho, miezi mitatu tu."

Sitati alikubali kwa sharti moja, kwamba kwa sababu ya unyevu wa ziwa aipige vanishi kwanza. Wiki iliyofuata alipata ujumbe kwenye simu, nao ninao kwa sababu alinionyesha: "Tayari. Makoti mawili. Mathe anang'aa."

Miezi mitatu ikawa sita. Ikaja korona, kila kitu kikafungwa. Kila akiuliza aliambiwa, "Iko salama, iko hotelini, nitaileta." Mwaka huu aliuliza mara nne. Mara ya mwisho Kiprugut alitaja hoteli yenyewe, labda kwa kusahau. Ndipo Sitati akaenda mwenyewe bila kumwambia.

Haya ya Naivasha alinisimulia jioni ile ile, amesimama mlangoni kwangu, picha imefungwa kwa shuka chini ya kwapa.

Meneja wa hoteli alikuwa mama mmoja mpole, Natalie. Sitati alimwambia amekuja kuchukua picha ya mwanamke mwenye sweta ya kijani.

"Sweta? Hatuna mwenye sweta," Natalie alisema. "Tuko na Mmasai. Hiyo ndiyo wageni wanapiga nayo picha."

Alimpeleka kwenye ukumbi wa chakula. Mama alikuwa hapo, juu ya meza ya matunda. Macho yake, kitambaa chake. Kuanzia chini ya taya hadi mabegani alikuwa amevikwa shanga, duara juu ya duara, nyekundu, samawati, kijani, mpaka shingo ikapotea na sweta ikabaki mabega tu. Chini kulikuwa na lebo: Mwanamke wa Kimasai.

"Nilisogea," Sitati aliniambia. "Kila ushanga ulikuwa na nukta nyeupe. Kila nukta ilikuwa na mkia."

Natalie hakutaka kuitoa mpaka Sitati alipoigeuza na kumwonyesha penseli ya nyuma: Mama, Rahab Chepchirchir, Jumapili 11, 1998, Sitati wa Rahab. Alisoma mara mbili. Kisha akampa shuka ya hoteli aifungie na kusema pole, na kwamba hakujua ni mtu.

Kutoka hapo alitembea hadi Kihoto. Maji ya ziwa yalikuwa yameingia tena mitaani. Alimkuta Kiprugut mbele ya nyumba, amevaa gambuti, anaweka mawe ya kukanyagia. Kiprugut aliona shuka, akaona umbo, akaweka jiwe chini.

"Niaje, ndugu."

"Umemfanya nini mama?"

"Niliongeza tu. Sikutoa kitu. Walikuwa wanataka kumteremsha, Sitati. Walisema ni mama wa kawaida tu, hata hajulikani ni wa wapi. Nikasema heri akae na shanga kuliko akae stoo."

"Wewe unajua alikuwa wa wapi."

"Najua."

"Umekula kwake."

"Nimekula." Kiprugut alifuta mikono kwenye suruali. "Hata si vibaya hivyo. Zamani na sisi tulivaa shanga."

"Mama alivaa sweta."

Jirani mmoja alipita na godoro kichwani akawasalimu, wote wawili wakaitikia. Kisha Sitati akauliza jambo moja tu lililokuwa na maana kwake wakati huo.

"Ulizipaka juu ya vanishi?"

"Juu ya vanishi," Kiprugut alisema. "Makoti mawili, si nilikuambia. Pitisha thina pole pole, zitatoka zenyewe. Mathe yuko salama huko chini."

Ningependa msomaji aelewe uzito wa neno hilo. Kama kuna vanishi katikati, thina huyeyusha vanishi na kilicho juu yake huondoka nayo. Cha chini hubaki. Kama hakuna vanishi, rangi ya juu na ya chini ni kitu kimoja, na pamba ya kufutia haichagui.

Ijumaa tarehe 15 kulikuwa na jua la baridi na upepo. Sitati alianza saa tatu asubuhi, dirisha wazi, pamba kwenye kijiti. Aliniomba nikae nimsomee historia huku akifanya kazi, asikie kama iko sawa. Alianza pembeni kabisa, kwenye ushanga wa mwisho juu ya bega, kama fundi yeyote wa makini anavyojaribu. Ushanga ulitoka, na wa pili, na wa tatu. Pamba ilikuwa na wekundu, na samawati, na kijani.

Aliitazama pamba. "Inatoka vizuri," alisema.

Kijani kile kilikuwa cha sweta. Lakini kulikuwa na shanga za kijani pia, na alidhani ni zenyewe. Nami nilikuwa nimeketi hapo hapo na nilidhani hivyo hivyo.

Aliendelea duara baada ya duara, akitupa pamba moja na kuchukua nyingine, mimi nikisoma. Nilikuwa nimefika mahali pa sufuria ya uji aliponyanyua mkono.

"Ngoja."

Pamba aliyoshika ilikuwa ya kahawia. Hakukuwa na ushanga wa kahawia. Niliinuka nikatazama. Chini ya taya ya kushoto, mahali pa upana wa viganja viwili, plaiwudi ilikuwa wazi, na mishipa yake ya mbao inaonekana. Shingo ilikuwa imetoka, na alama ilikuwa imetoka na shingo. Ilikuwa kwenye pamba zile sakafuni, zipatazo ishirini, na haikujulikana ni ipi.

Alifunika chupa ya thina. Alinawa mikono. Kisha akampigia Kiprugut na kuweka simu mezani, sauti wazi, nadhani alitaka shahidi.

"Hakukuwa na vanishi," Sitati alisema.

Upande wa pili yalisikika maji, mtu anatembea kwenye maji.

"Nilikuwa nimepanga kupiga. Siku ile haikupatikana, halafu nikasahau."

"Uliandika makoti mawili."

"Niliandika ili utulie."

"Na jana?"

"Jana ulikuwa na hasira, Sitati. Nilikuwa nikuambie nini, umesimama hapo na shuka?"

"Ungeniambia hapana. Ningewacha shanga. Ningempelekea Cheruto dada yake na shanga, nimweleze, na alama ingekuwa chini yake, siku zote ingekuwa chini yake."

Kiprugut alisema, "Ni mathe wangu pia," na Sitati akakata simu.

Mchana wote alijaribu kuirudisha. Alichanganya rangi, ilikuwa ile ile, mkono ulikuwa ule ule. Akaweka mstari wa shingo akaufuta. Akaweka mwingine. Saa kumi na moja alikuja kibandani kwangu, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Sikumbuki shingo ya mama," alisema. "Nakumbuka picha. Miaka yote nimekuwa nikikumbuka picha."

Nilimwambia achore chochote, nani angejua. Alinitazama kwa upole na sikurudia.

Jumamosi kule Bahati hapakuwa na mvua. Dada yake Sitati, Nakhumicha, alikuwa amepanga viti pande mbili za hema, wa Kimilili kulia, wa mama kushoto. Kushoto palikuwa na viti ishirini na watu sita. Kiprugut alikuja. Alivaa suti ya kijivu akaketi kushoto, mstari wa pili, mahali pake. Hakuna aliyemwondoa, kwa maana hakuna aliyejua ila Sitati na mimi.

Cheruto alifika saa tano akishikwa mkono na mjukuu wake. Ni mwanamke mrefu, macho yana ukungu kidogo. Hakusalimia watu kwanza. Alipelekwa moja kwa moja mbele, picha ilipokuwa imesimamishwa kwenye kiti, na Sitati akaondoa shuka.

Alitazama muda mrefu. Alitikisa kichwa kwa yale macho, akasema kitu kwa Kitugen, mjukuu akatabasamu. Kisha akainama. Alinyoosha kidole chake akakiweka kwenye mbao iliyo wazi, kushoto, chini ya taya, mahali penyewe hasa.

"Hapa palikuwa na kitu," alisema kwa Kiswahili.

"Palikuwapo, mama mdogo."

"Kiko wapi?"

"Kilifutika. Jana."

"Picha ya miaka yote hiyo imefutika jana, nikija." Hakupandisha sauti. "Nani amefuta?"

Niliona Sitati akigeuka. Hakusonta kidole, aligeuza tu kichwa kuelekea viti vya kushoto, mstari wa pili, akangoja. Kiprugut alikuwa mita nne kutoka hapo. Angeweza kusimama. Kati yetu tuliojua, ni yeye peke yake ambaye angemweleza Cheruto kwa maneno ya kwao, na Cheruto angesikia. Alikuwa ameshika ratiba ya ibada kwa mikono miwili, ile niliyoipiga chapa mimi, na aliisoma, akageuza ukurasa, akasoma nyuma, ambako hakukuwa na maandishi.

Sitati alingoja kama alivyongoja mama yake akae vizuri zile Jumapili kumi na moja. Kisha akarudisha macho kwa Cheruto.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa namsafisha."

Cheruto aliondoa kidole. "Nimetoka Mogotio kuja kuona hapo tu," alisema. "Basi hata hiyo mmefuta."

Alisema mmefuta, si umefuta. Aliwaangalia wote wa upande wa kulia aliposema hivyo. Sitati alianza kumwambia maneno ya mama, kwamba haikumdhuru, kwamba alitaka ajue, nami nilikuwa nayo mkononi, yameandikwa. Lakini Cheruto alikuwa amekwisha kumshika mjukuu wake. Mtu anayeonyeshwa mbao tupu hawezi kuambiwa kwamba juu yake palikuwa na msamaha. Aliondoka kabla ya chakula. Nakhumicha alimfuata na sahani iliyofunikwa mpaka barabarani, akarudi nayo.

Kiprugut alikula. Aliwasaidia vijana kupanga masufuria, akawachekesha wazee wa Kimilili, akaaga kila mtu. Alipofika kwa Sitati alinyoosha mkono, na Sitati akaupokea, kwa sababu kulikuwa na wageni.

Historia haikusomwa. Mchungaji alisema muda umekwenda.

Jumapili asubuhi, tarehe 17, kulikucha mbingu nyeupe, bila upepo. Sitati hakwenda kanisani. Nilimkuta kwenye ngazi mbele ya karakana saa mbili na nusu. Alikuwa ameshasugua kibao cha mzee Kibii kwa msasa upande wa kushoto, na sasa anapaka rangi ya nyuma, pole pole, akifunika SITATI, kisha NA. Alipiga koti la kwanza, akashuka, akangoja likauke, akapiga la pili. Halafu akachukua brashi nyembamba, akafuta herufi mbili za mwanzo wa neno la mwisho, akaandika moja mahali pake, samawati, na kivuli chake chekundu kama mzee alivyowafundisha, mpaka kibao kikasomeka KIPRUGUT, MCHORAJI. Alirudi nyuma hadi ukingo wa barabara kuona kama imenyooka. Ilikuwa imenyooka. Akaosha brashi, akabeba ngazi, akaenda nyumbani, akiiacha karakana kwa mwenye jina.